EF asilimia 35: jinsi ya kusoma ujazo wa moyo kwenye majibu ya ECHO, na kupima maji ya mgonjwa nyumbani

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, uzito kilo 72, urefu sentimita 168. Presha anayo miaka mingi. Mwezi uliopita miguu ilimvimba na akawa hawezi kulala bila mito mitatu. ECHO ya kwanza ilitoa EF 42%. Wiki tatu baadaye, hospitali nyingine, majibu yakaja hivi: LVIDd 62 mm, LVEDV 186 ml, LVESV 121 ml, SV 65 ml, EF 35%, mapigo 88, MR mild. Hb 10.4. Ndugu wamekata tamaa, wanasema moyo umebaki theluthi na ndani ya wiki tatu umeporomoka. Daktari ameagiza asipitishe lita moja na nusu ya vinywaji kwa siku na apimwe uzito kila asubuhi. Kama damu ni kidogo, mbona anazuiwa maji? Na hayo maji tunayapimaje nyumbani?

JIBU: Marahaba. Nianze na hiyo theluthi, maana ndiyo inayowavunja moyo bila sababu.

EF, hiyo asilimia inayotolewa na ECHO (picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti), haielezi moyo uliobaki. Inaeleza ni sehemu gani ya damu iliyojaa kwenye ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini upande wa kushoto, inayotoka kwa pigo moja. Hakuna binadamu mwenye EF ya 100. Mwanamume mwenye moyo mzima hutoa asilimia 52 hadi 72, mwanamke 54 hadi 74, na damu inayosalia hungoja pigo linalofuata. Kwa hiyo 35 ya baba ilinganishwe na sitini hivi, isilinganishwe na mia. Imeshuka, na imeshuka vya kutosha kuingia kwenye kundi la moyo wenye udhaifu wa kusukuma, ambalo mpaka wake ni 40 kwenda chini. Ni ugonjwa mkubwa unaohitaji dawa kila siku. Ila mtu wa EF 35 hajapoteza theluthi mbili za moyo wake, na hesabu za majibu yenyewe zinaonyesha hivyo.

Zichukueni moja moja. LVEDV ni ujazo wa ventrikali ikiwa imejaa, kabla tu haijakaza: kwa baba ni mililita 186. LVESV ni damu iliyobaki ndani baada ya kukaza: 121. Toa ya pili kwenye ya kwanza, unapata 65, ndiyo SV, kiasi cha damu kilichotoka kwa pigo moja. Gawa 65 kwa 186, zidisha kwa 100, ndiyo EF: 35. Ripoti yoyote ambayo hesabu hii haikubali huenda ina namba iliyoandikwa vibaya, na inafaa kurudishwa kwa aliyepima.

Sasa angalieni hiyo 65. Mwanamume wa kawaida mwenye ujazo wa 112 na EF ya 58 naye anatoa mililita 65. Theluthi ya ndoo kubwa yaweza kuwa sawa na nusu ya ndoo ndogo. Misuli ya moyo wa baba ilipochoka na presha ya miaka mingi, chumba kilitanuka, na kwa kutanuka kikaendelea kutoa karibu kiasi kilekile kwa kila pigo. Ukizidisha 65 kwa mapigo 88 ya dakika moja unapata mililita 5,720, yaani lita 5.7 kwa dakika. Mtu mzima aliyepumzika huhitaji lita 5 hivi. (Hesabu hiihii ya pigo mara muda ndiyo aliyoitumia daktari Mwingereza William Harvey mwaka 1628 kuthibitisha kwamba damu huzunguka. Hata alipokadiria kiasi kidogo mno kwa kila pigo, damu iliyopita moyoni kwa nusu saa ilizidi yote iliyomo mwilini, hivyo haikuwezekana iwe inatengenezwa upya na ini kutokana na chakula, kama walivyoamini waganga wa kale.)

Basi kama kiasi kinatosha, kwa nini anavimba na kuhema? Kwa sababu kutanuka kuna gharama. Kwanza, ujazo wa 186 ni mkubwa hata kwa mwanamume, ambaye ukomo wake ni kama 150. Ili kuwatendea haki watu wakubwa na wadogo, madaktari huugawa kwa eneo la ngozi ya mwili. Kanuni rahisi ni hii: zidisha urefu wa sentimita kwa uzito wa kilo, gawa kwa 3,600, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa baba: 168 mara 72 gawa kwa 3,600 ni 3.36, na kipeuo chake ni 1.83, yaani mita za mraba 1.83. Gawa 186 kwa 1.83, unapata 101 na kidogo, wakati ukomo kwa mwanaume ni 74. Angalizo moja tu: kama kilo hizo 72 zilipimwa akiwa amevimba, eneo limeongezeka kidogo kwa sababu ya maji, na ujazo halisi kwa mita ya mraba uko juu zaidi ya hapo.

Pili, ukuta wa chumba kipana hufanya kazi kubwa zaidi kutoa mkandamizo uleule, kwa hiyo unakula oksijeni zaidi na kuzidi kuchoka. Tatu, chumba kilichokwisha kujaa hupokea damu kwa shida. Damu inayotoka mapafuni inapanga foleni, mkandamizo unapanda kwenye mishipa ya mapafu, na maji yanachujika kuingia kwenye vifuko vya hewa. Mapafu hubeba karibu asilimia 9 tu ya damu yote. Kwa mtu mwenye lita 5 ni mililita 450. Baba anapolala chali, damu iliyokuwa imetuama miguuni inarudi kifuani, na kwa nafasi ndogo hiyo ongezeko si dogo. Ndiyo maana ya mito mitatu. Nne, hana akiba. Mtu mzima mwenye afya akikimbia huweza kupandisha lita zake 5 hadi mara nne, lakini moyo uliotanuka na unaopiga 88 ukiwa umepumzika umeshatumia sehemu kubwa ya akiba hiyo. Kwa hiyo majibu yanaweza kuonyesha kiasi kizuri kitandani na bado akashindwa kupanda ngazi.

Kuna neno MR mild ambalo wengi huliruka. Maana yake vali iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto haifungi vizuri, sehemu ya damu inarudi nyuma. Kiwango hicho cha chini kabisa ni kile ambacho kinachorudi hakifiki mililita 30 kwa pigo. Tuseme zinarudi 15: katika zile 65, zinazokwenda mwilini ni 50, na kwa mapigo 88 inabaki lita 4.4 kwa dakika. ECHO ikihesabu SV kwa kutoa ujazo kwa ujazo haitenganishi damu iliyokwenda mbele na iliyorudi nyuma. Kwa mgonjwa ambaye vali hiyo inavuja sana, EF huonekana nzuri kuliko hali ilivyo, na daktari wa moyo hulizingatia hilo.

Sasa hili la kutoka 42 hadi 35. Kabla ya kusema moyo umeporomoka, ulizeni ulipimwa kwa njia gani. Njia ya zamani hupima upana wa chumba kwa mstari mmoja, kisha mashine inakisia ujazo kwa kanuni inayokuza upana huo mara tatu kwa wenyewe. Kosa dogo la mstari hukua nalo. Chukua upana wa chumba cha baba kikiwa kimejaa, ile LVIDd ya milimita 62. Mpimaji akiweka alama ya upana wa kukaza kwenye milimita 50, mashine inatoa EF 39. Akiiweka kwenye 52, inatoa 33. Milimita mbili tu, kwenye picha yenye ukungu, mgonjwa akiwa anahema, zinabadili jibu kwa pointi sita. Njia hiyo pia inadhani chumba kizima kinakaza sawasawa, ilhali sehemu moja ya ukuta ikiwa imekufa kwa mshtuko wa moyo mstari unaweza kupita pembeni yake.

Njia iliyo bora huchora ukingo wa ndani wa ventrikali katika picha mbili za pembe tofauti, ikiwa imejaa na ikiwa imekaza, na mashine hukata umbo hilo vipande vyembamba kama 20 na kujumlisha ujazo wake. Nayo ina udhaifu: probu, yaani kile kifaa cha mkononi cha kupimia, ikiwekwa juu zaidi kuliko ilipo ncha ya moyo badala ya kwenye ncha yenyewe, chumba huonekana kifupi na ujazo unapungua kuliko ulivyo. Mapigo yakiwa hayaendi kwa mpangilio, pigo moja lina kiasi kikubwa na jingine kidogo, basi mpimaji anatakiwa kuchukua wastani wa mapigo kama matano. Hata wapimaji wazuri wawili, mgonjwa mmoja, siku moja, hutofautiana kwa pointi tano na zaidi. Tofauti ya pointi saba kati ya hospitali mbili, mashine mbili na wiki tatu haitoshi kusema ugonjwa umekwenda mbele. Kinachotosha ni namba ikiungana na hali yake: kupumua, uvimbe, uzito, presha.

Kuhusu damu kidogo na maji. Hapa kuna vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja. Hb 10.4 ni gramu za himoglobini ndani ya desilita moja ya damu, yaani uzito wa kile kinachobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, kwenye kiasi fulani cha damu. Haisemi ana lita ngapi. Lita za damu hukadiriwa kwa mililita 70 kwa kila kilo: baba ana kama lita 5, na mwenye moyo ulioshindwa mara nyingi ana zaidi kwa sababu ya maji yaliyoongezeka. Maji hayo huzimua chembe, Hb inashuka kwenye karatasi hata kama chembe hazijapungua sana. Mwanaume anatakiwa awe na 13 na zaidi, kwa hiyo 10.4 bado inahitaji kuchunguzwa: upungufu wa madini ya chuma, figo, kutoka damu tumboni. Ila kunywa maji hakuongezi damu.

Maji yenyewe yanatoka wapi? Figo zikipata mkondo dhaifu wa damu hudhani mwili umekauka, zikaamrisha homoni za kushika chumvi, na maji hufuata chumvi. Majimaji yaliyo nje ya seli yana chumvi karibu gramu 9 kwa lita. Hesabu ya kukumbuka ni hii: kila gramu 9 za chumvi zinazobaki mwilini huvuta lita moja, na lita moja ni kilo moja kwenye mizani. Miguu haianzi kubonyea hadi lita mbili au tatu zimeshakusanyika. Ndiyo sababu daktari anataka mizani, kwa kuwa mizani inaona kabla ya jicho.

Mpimeni hivi. Asubuhi akiamka aende msalani kwanza, kisha apande mizani kabla ya chai, akiwa na nguo nyepesi zilezile, bila viatu wala simu mfukoni. Mizani ikae sakafuni penye saruji, si kwenye zulia wala mkeka, na iwe hiyohiyo kila siku. Ya namba za kidijitali inayosoma gramu 100 ni bora. Ya mshale hupotosha nusu kilo kwa kuinamia tu. Andikeni kwenye daftari: tarehe, uzito, presha, mapigo, amelalia mito mingapi. Uvimbe ukishaisha, muulizeni daktari ni kilo ngapi zichukuliwe kuwa uzito wake mkavu, na namba hiyo iandikwe kwenye jalada la daftari. Akizidi kilo mbili ndani ya siku tatu, pigeni simu kliniki siku hiyohiyo. Msisubiri miguu. Bonyezeni pia mbele ya muundi kwa kidole gumba, juu ya mfupa, mkihesabu hadi tano au zaidi. Shimo likibaki, lipo la kuandika. Kwa aliyelala kitandani siku nyingi bonyezeni mgongoni chini, juu ya makalio, maana maji huenda palipo chini.

Lita moja na nusu inapimwa kwa chupa, na chupa ya maji ya dukani ya ujazo huo inatosha. Asubuhi ijazeni. Hicho ndicho kinywaji chote cha siku. Akinywa maji, yatoke humo. Akinywa chai, uji, maziwa, mchuzi wa supu au juisi, mwageni kutoka kwenye chupa kiasi kilekile. Chupa ikiisha, siku imeisha. Kabla ya kuanza, pimeni vikombe vyake vya nyumbani kwa kikombe chenye alama, kwa sababu kikombe kimoja chaweza kuchukua 180 na kingine 350. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula 15. Barafu ihesabiwe kama maji. Uji uhesabiwe, ugali na wali visihesabiwe. Tikiti maji na machungwa ni karibu maji matupu, ale kipande, asile sinia. Agizo hilo si la kila mgonjwa wa moyo wala si la milele. Daktari hulipanga kwa hali yake ya sasa, na siku za joto kali au za kuharisha linabadilika kwa kumuuliza yeye.

Kiu ikimsumbua, tazameni chumvi kwanza. Kikomo cha siku ni gramu 5, kijiko cha chai kilichosawazishwa, na hiyo ni pamoja na iliyomo kwenye mkate, vidonge vya supu, achari, ng'onda na papa mkavu. Samaki wa chumvi wa mlo mmoja anaweza kumaliza kipimo chote cha siku. Pikeni kwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga. Msinunue chumvi mbadala inayoandikwa kuwa na sodiamu kidogo bila kuuliza, kwa kuwa nyingi zina potasiamu, na akiwa anatumia spironolaktoni au enalaprili potasiamu ikipanda sana inaweza kusimamisha moyo. Kwa sababu hiyohiyo madafu yasiwe kinywaji chake cha kila siku.

Mkojo si lazima upimwe kila siku. Mkitakiwa kuupima kwa saa 24, wa kwanza wa asubuhi mwageni na muandike saa. Baada ya hapo kusanyeni wote kwenye chombo chenye alama, pamoja na wa kwanza wa asubuhi inayofuata. Kiwango cha chini kinachotarajiwa ni nusu mililita kwa kilo kwa saa. Kwa kilo 72 ni 36 kwa saa, yaani kama 860 kwa siku. Chini ya hapo, uzito nao ukipanda, ni taarifa ya kumpa daktari leo.

Mambo mawili huwarudisha wagonjwa hawa wodini mara nyingi, na yote mawili yanaweza kuzuilika. La kwanza ni dripu. Mzee akipata homa au uchovu, hupelekwa zahanati ya karibu na kutundikiwa chupa "apate nguvu". Chupa moja ya mililita 500 ya maji ya chumvi ina gramu 4.5 za chumvi, karibu kipimo chake chote cha siku, inayoingia moja kwa moja kwenye mshipa. Chupa mbili zinaweza kumzamisha usiku huo. Kila anayemhudumia aambiwe kwanza: huyu ana moyo uliotanuka, EF 35. Kuna hali ambazo dripu ni lazima, na hapo itatolewa polepole kwa kipimo huku mapafu yakisikilizwa. Hata akihitaji kuongezewa damu, iende taratibu. La pili ni dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni huzifanya figo zishike chumvi na kudhoofisha furosemaidi, dawa ya kutoa maji kwa mkojo. Mgongo ukiuma, parasetamoli ndiyo ya kuanzia.

Kuna upande wa pili pia, wa kukauka kupita kiasi. Uzito ukishuka kilo mbili chini ya uzito mkavu, akapata kizunguzungu akisimama, namba ya juu ya presha ikawa chini ya 90, au akaanza kuharisha na kutapika, pigeni simu kabla ya kumpa dozi inayofuata ya dawa za maji. Msizikate wenyewe kwa wiki nzima, wala msiongeze. Na haya si ya simu bali ya kukimbia hospitali: kuhema akiwa amekaa kimya, kukohoa povu lenye rangi ya waridi, maumivu ya kifua, kuzimia, kuchanganyikiwa.

ECHO ya kurudia isifanywe kila wiki kwa wasiwasi. Dawa za moyo hupandishwa dozi hatua kwa hatua, na chumba kilichotanuka huchukua muda kurudi. Kipimo chenye maana huja kama miezi mitatu baada ya dozi kufika panapotakiwa, na wapo wengi ambao EF hupanda na ujazo kushuka. Matokeo hayo pia huamua mambo mengine: akibaki 35 au chini licha ya dawa kamili, daktari atazungumza nanyi kuhusu kifaa cha kulinda mapigo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua. Nendeni hospitali ileile, ikiwezekana kwa mpimaji yuleyule. Ombeni majibu yaandike njia iliyotumika pamoja na LVEDV na LVESV, si EF peke yake, na mpelekeeni majibu yote mawili ya sasa, yale ya 42 na haya ya 35, pamoja na lile daftari la uzito.